Hatua 300 Zisizo na Mwenyewe

Nilizihesabu. Usiku, mvua inanyesha, gunia la mchele liko begani kwangu na shangazi yuko nyuma anachechemea, nilizihesabu hatua kutoka lango la stesheni hadi pale daladala zinaposimama. Ni 300 na ushei.

Stesheni yenyewe siitaji. Nikiitaja moja, wenye zile nyingine watashusha pumzi na kusema, afadhali, si sisi. Kumbe ni wao pia.

Shangazi alikuwa amepanda treni ya umeme kwa mara ya kwanza. Njiani alinipigia simu mara tatu: mara miti inakimbia, mara kiti kinalala, mara humu ndani kuna baridi kama Lushoto. Alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Kisha akashuka. Nje ya lango hakuna kibao, hakuna kibanda, hakuna taa. Mlinzi akatuambia daladala haziruhusiwi kuingia, tufuate ukuta, tuvuke mtaro, tutaziona. Mtaro una ubao mmoja. Mama wa miaka 68 akavua kandambili, akazishika mkononi, akapita juu ya ubao gizani, dakika chache tu baada ya kushuka kwenye chombo kinachokwenda kilomita 160 kwa saa.

"Baba," akaniambia tulipofika ng'ambo, "mbona hapa karibu ndipo palipo mbali?"

Sikuwa na jibu. Hasira zilizonipata usiku ule ndizo unazosoma sasa.

Na usijifanye hunielewi. Unanielewa vizuri sana. Wewe unayesoma haya huku umening'inia mlangoni, kiwiko cha mtu kiko shingoni mwako, unazijua hatua hizi kuliko mimi. Unazijua za kwako: za Ubungo, za Buguruni, za Tazara, za Kimara. Unazitembea asubuhi, unazitembea jioni, na hujawahi kumuuliza mtu yeyote ni za nani.

Basi niulize mimi. Ni za nani?

Reli ni ya TRC. Au ya TAZARA, kutegemea umesimama kwenye mataruma yapi. Mabasi ya mwendokasi yanasimamiwa na DART. Barabara kubwa ni ya TANROADS, ya mtaani ni ya TARURA. Njia ya daladala inapangwa na LATRA. Stendi ni ya manispaa. Ukuta una mwenyewe, mtaro una mwenyewe, lami ina mwenyewe, hata kibanda cha vocha kina mwenyewe mwenye risiti ya ushuru. Hatua 300 za kutoka treni hadi basi? Hazina mwenyewe. Zimelala pale katikati kama maiti isiyo na ndugu, kila mmoja anapita anaziba pua.

Sasa tunasikia habari za treni za mijini. Zimezungumzwa kwa miaka, kwa Dar es Salaam na kwa Dodoma: treni nyepesi za umeme za kuchukua watu asubuhi na kuwarudisha jioni. Nzuri. Nani asiyezitaka? Lakini sikiliza tunavyozijadili. Zitakwenda kasi gani? Zitakuwa na mabehewa mangapi? Zitatoka nchi gani? Zitakuwa na rangi gani? Rangi! Nimekaa kibarazani na watu wazima, wenye wajukuu, wanabishana rangi ya treni.

Hakuna aliyeuliza kituo kitakuwa wapi. Hakuna aliyeuliza nikishuka, basi linanisubiri upande gani.

Treni ni kituo, jamani. Hayo mengine ni bati na umeme. Mtu hapandi kilomita 160 kwa saa. Mtu anapanda mlango, na anashuka mlango, na ule mlango ukifunguka porini basi wewe umesafirishwa hadi porini kwa haraka.

Turudi nyuma kidogo, maana ugonjwa huu una asili yake. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani hapa Dar mwaka 1905. Kwa ajili ya nani? Ya mzigo. Ilitakiwa kufika bandarini, na ilifika. TAZARA ilijengwa miaka ya 1970 pamoja na Wachina ili shaba ya Zambia iikwepe njia ya kusini iliyokuwa mikononi mwa makaburu. Nayo ikafika bandarini. Hakuna reli kati ya hizo iliyochorwa na mtu aliyekuwa anamfikiria muuza mchicha wa Gongo la Mboto au karani wa Tabata. Jiji lenyewe likakua kwingine: likaifuata Barabara ya Morogoro, likaifuata ya Pugu tunayoiita Nyerere, likaifuata ya Kilwa, likaifuata ya Bagamoyo. Watu wakakaa barabarani, reli ikabaki uani kwa watu, inapita nyuma ya vyoo.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kuigeuza reli ya mzigo iwe reli ya watu ana kazi moja ngumu kuliko zote, na wala siyo kununua treni. Ni kutafuta mahali reli inapokatana na barabara yenye watu, na kuweka kituo pale pale, juu ya ile njia panda, ngazi zishuke moja kwa moja kwenye stendi. Pale pale. Siyo mita 700 mbele kwa sababu kule kiwanja kilikuwa cha bure.

Tuliijaribu mwaka 2012, unakumbuka? Treni ya Mwakyembe. Wananchi walivyo, waziri aliisukuma, wakaipa jina lake. Oktoba mwaka ule ikaanza kutembea asubuhi na jioni, moja kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga. Tuliipenda. Sikusema jambo baya juu yake wakati ule na sisemi sasa, kwa sababu ilitumia kilichokuwepo, reli kuukuu na mabehewa ya kuungaunga, na ikaonyesha kwamba watu watapanda. Lakini angalia ilipoishia. Ubungo Maziwa. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani wakati huo iko Ubungo, na treni inaishia Ubungo, na bado hivi viwili havikukutana! Ubungo moja kwa jina, Ubungo mbili kwa miguu. Mwenye mabegi ya Arusha akitoka kwenye treni anatafuta bodaboda ya kumpeleka stendi iliyo palepale Ubungo.

Halafu tukafanya nini? Tukaijongeza treni kwenye stendi? La hasha. Tukaihamisha stendi. Februari 2021 ikafunguliwa stendi kubwa Mbezi Luis, ghorofa kwa ghorofa, fahari ya macho. Njia maalumu ya mwendokasi ikiwa inaishia Kimara. Reli ya kisasa nayo ikashika njia ya Pugu. Yaani tumejenga, ndani ya muongo mmoja, mfumo mpya wa mabasi ya mjini, stendi mpya ya mabasi ya mikoani na reli mpya ya umeme, mabilioni kwa mabilioni, na tukahakikisha kwamba hakuna mahali hata pamoja ambapo vyote vitatu vinashikana mikono. Ukitaka kufanya hivyo kwa makusudi, ungehitaji akili nyingi sana.

Nenda Morogoro uone kioja kingine. Stesheni ya zamani iko mjini. Stendi ya mabasi iko Msamvu. Stesheni ya treni ya umeme iko Kihonda. Mji mmoja, milango mitatu, na hakuna korido kati ya chumba na chumba. Ulizia bajaji.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaochagua vituo hawashuki vituoni. Wanafika siku ya uzinduzi, kwa gari lenye kiyoyozi, linaegeshwa jukwaani, wanakata utepe, wanapanda hadi kituo cha pili ambako gari lile lile limeshawatangulia. Kwao hatua 300 hazipo. Hazijawahi kuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya kamba unapiga makofi.

Ndiyo, wewe. Na mimi. Tulipiga wote.

Ngoja niseme neno la haki kabla hawajaniita mchawi. Stesheni ya reli ya kisasa ya Dar es Salaam imebaki katikati ya jiji, jirani na ile ya zamani, na huo ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili. Kituo cha Gerezani cha mwendokasi kiko jirani kwa anayetazama ramani. Kwa mwenye begi kichwani na mtoto mgongoni, ni habari nyingine, lakini angalau hapo kuna kitu cha kutengenezea. Na nenda Kivukoni. Nenda uone. Ukishuka kwenye basi la mwendokasi Kivukoni, pantoni ya Kigamboni iko mbele ya pua yako. Huulizi mtu. Hukodi kitu. Samaki wananukia, honi ya pantoni inalia, unakimbia kidogo, umevuka. Kwa hiyo tunajua! Tunajua namna ya kuweka kituo mdomoni mwa kituo. Hatukukosa ujuzi. Tulikosa mtu wa kugonga meza na kusema, hapa.

Na penye kukosa mtu huyo, tuna Jangwani. Neno lenyewe sihitaji kulieleza. Mwaka 2016 mwendokasi unaanza, karakana na maegesho ya mabasi yamejengwa wapi? Bondeni Msimbazi, mahali ambapo kila mzee wa Magomeni, kila fundi baiskeli, kila mtoto wa shule angekuambia maji yatarudi, maana ni kwao. Maji yakarudi. Yakarudi tena. Mabasi yakazama, barabara ikafungwa, abiria wakageuzwa. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi jiji zima linauliza swali moja: Jangwani panapitika? Kosa moja la kuchagua mahali. Moja tu! Halikuwa kosa la basi wala la dereva. Basi lilikuwa zima, dereva alikuwa mzima, mahali ndipo palipokuwa pabaya, na kosa la mahali halifutwi na fundi kwa spana. Linalipiwa miaka na miaka, na wanaolilipia ni waliosimama kituoni.

Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kama hutaki kujifunza kwa Jangwani, nenda Addis Ababa. Wale wametutangulia. Septemba 2015 walizindua treni nyepesi ya mjini, njia mbili, kilomita 34 hivi, vituo 39, kwa dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Afrika Mashariki nzima tuliwaonea wivu, na tulikuwa na haki. Ilibeba watu wengi kwa nauli ndogo, mtu mwenye kipato cha kubahatisha akakaa kwenye kiti. Hilo wasinyimwe. Lakini sehemu kubwa ya reli ilipita juu ya ardhi, katikati ya barabara kuu, ikazungushiwa uzio. Upande huu duka, upande ule shule, katikati uzio. Mtu aliyekuwa anavuka barabara kwa pumzi moja sasa anazunguka kutafuta penye kivuko. Na ilipokuja reli kubwa mpya ya kwenda Djibouti, stesheni yake ya abiria ikawekwa Lebu, pembezoni mwa mji, ambako treni ya mjini haifiki. Reli mbili za umeme, mji mmoja, zimepeana mgongo! Chini ya miaka kumi baadaye, treni nyingi kati ya zile 41 za mjini zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri.

Majirani zetu wa Kenya je? Mei 2017 wakazindua Madaraka Express. Stesheni ya Nairobi wakaiweka Syokimau, ya Mombasa wakaiweka Miritini, bara, kisiwa kiko kule. Treni ya zamani, pamoja na uchovu wake wote, ilikuwa inakushusha mjini. Mpya inakushusha uanze kutafuta matatu. Syokimau angalau walitumia treni za mjini kuwapokea abiria na kuwaingiza katikati ya jiji, nayo ni akili. Mombasa ikabidi warudi baadaye kwenye reli ya mkoloni, waifufue, ili ipatikane njia ya kutoka Miritini hadi kisiwani. Walijenga, kisha wakajenga tena kuunganisha walichojenga. Nasi tunasubiri zamu yetu?

Najua watakalosema. Wahandisi watasema reli haipindi kona kama bodaboda. Kweli, haipindi. Watasema ardhi ya mjini ni ghali, kuweka kituo penye watu ni kubomoa, na kubomoa ni fidia na kesi na machozi.

Kubomoa? Mwaka 2017 nyumba za watu kuanzia Kimara hadi Kiluvya ziliwekwa alama ya X na kuangushwa ili Barabara ya Morogoro ipanuliwe. Machozi yalikuwepo. Kesi zilikuwepo. Hakuna aliyesema tuipitishe barabara porini ili tusisumbue watu. Lilipokuja suala la gari, ujasiri ulipatikana. Tazara tukapewa daraja la juu mwaka 2018, Ubungo tukapewa la ghorofa tatu mwaka 2021, mwenye gari akapandishwa mbinguni. Mwenye miguu akaachwa chini, anakimbizana na malori ya Barabara ya Mandela akiwa na ndoo ya dagaa kichwani. Usiniambie ardhi ni ghali. Niambie nani ni rahisi.

Na pesa yenyewe, mbona tunailipa? Tunailipa kila siku, kidogo kidogo, kwa namna ambayo haiingii kwenye bajeti ya waziri yeyote. Daladala hadi kituoni, unalipa. Mwendokasi, unalipa. Treni, unalipa. Bodaboda ya zile hatua 300 kwa sababu ni usiku na unaogopa kukabwa, unalipa, tena hiyo ndiyo ghali kuliko zote ukipiga hesabu kwa mita. Bandu bandu huisha gogo. Gogo lenyewe ni mshahara wako.

Cha kuchoma moyo ni kwamba wazo zuri lilikuwepo. Mwendokasi ulipoanza 2016, nauli zilipangwa hivi: basi la mlisho shilingi 400, basi la njia kuu 650, na anayeunganisha yote mawili 800. Unaona? Badala ya 1,050 unalipa 800. Kuna mtu mahali fulani, sijui nani, alikaa mezani akawaza kwamba anayebadili basi tayari ameshateseka, asitozwe mara mbili. Mungu amlipe. Sasa wazo lile lichukue ulipeleke kwenye treni. Tiketi moja, kutoka daladala ya Chanika hadi behewa hadi basi la Morocco. Uliwahi kusikia mjadala huo bungeni? Umesikia mbunge wako akiuliza? Umemuuliza?

Hujamuuliza. Ulikuwa unabishana rangi ya treni.

Tena kuna daladala, ambazo wapangaji wetu wanaziona kama inzi. Kila mradi mkubwa ukija, jambo la kwanza ni kuzifukuza. Zifukuzwe Barabara ya Morogoro, zifukuzwe hapa, zisiingie langoni pale, zinachafua mandhari ya stesheni. Mandhari! Treni inamwaga watu mamia kwa mkupuo mmoja. Nani atawachukua kuwapeleka Kitunda, Majohe, Kivule, Goba, kule lami inapokata tamaa? Mandhari? Daladala ndiyo mlango wa pili wa treni. Konda anayepiga bati na kuita "Mbande, Mbande, wawili hapa nyuma" anafanya kazi ya reli bila mshahara wa reli. Mpe sehemu yake, ipake mistari, iwekee paa na taa na choo, mwandikie ratiba inayojua treni inafika saa ngapi. Ukimtupa nje ya ukuta, ng'ambo ya mtaro, usishangae treni yako ikipungukiwa abiria, halafu mje kutuambia Watanzania hawana utamaduni wa kupanda treni.

Ratiba, hapo nimegusa kidonda. Nimeshawahi kusimama nikitazama treni inaingia, na basi la mwisho linatoka. Wakati ule ule. Dereva ananiona, mimi namwona, kati yetu kuna uzio. Hakuwa na makosa. Ratiba yake haiijui treni, na treni haimjui yeye. Tuliosimama pale tulikuwa wengi. Tulifanya nini? Tulicheka. Mmoja akasema "ndio bongo", tukacheka, tukagawana bajaji.

Hicho kicheko kinaniudhi kuliko uzio.

Maana kile kicheko ndicho ruhusa yetu. Ndicho saini tunayoweka chini ya kila mchoro mbovu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na sisi tumewachelea wapangaji wetu hadi tunalia wenyewe usiku wa manane na magunia begani. Michoro ya treni ya mjini bado ni karatasi. Karatasi inafutika. Zege halifutiki, muulize aliyejenga Jangwani. Kituo kikishamwagwa mahali pabaya, wajukuu zako watakitembelea kwa hatua zile zile, na watauliza babu alikuwa wapi.

Kwa hiyo siku watakapobandika tangazo ofisi ya kata kwamba wananchi tufike kutoa maoni, usiniambie una kazi. Mimi sitakwenda kuuliza mwendo wala mabehewa. Nitakwenda na kamba ya kupimia. Nitaomba waniwekee kidole kwenye ramani: mlango wa treni huu, mlango wa basi huu, kati yake kuna nini, na nani atawasha taa. Nitaivuta kamba mbele yao, sakafuni, hapo hapo ukumbini.

Shangazi naye nitakwenda naye, na kandambili zake mkononi. Wewe njoo na mama yako, yule mwenye magoti. Wamtazame anavyotembea.